Maumivu Sugu ya Magoti na Mgongo: Mzigo, Dawa na Mazoezi katika Mitaa ya Kariakoo

Jina la Kariakoo lilizaliwa na mizigo. Waingereza walipoitwaa Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani mwezi Septemba 1916, eneo lililo magharibi ya Mnazi Mmoja liligeuzwa kambi ya kikosi cha wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, na ndimi za wenyeji zikaligeuza jina hilo likawa Kariakoo. Wapagazi wale walibeba chakula na risasi za vita visivyo vyao, na makumi ya maelfu miongoni mwao hawakurudi makwao. Mzigo wa kawaida wa mpagazi wa misafara ya zama hizo ulikuwa wa kilo 30 hivi. Leo, zaidi ya miaka mia moja baadaye, kilo 30 ni uzito ambao mchukuzi wa sokoni hauiti mzigo. Mfuko wa saruji una kilo 50. Gunia la mazao linaruhusiwa kufikia kilo 100, na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo wake na kufungwa kwa kamba juu, huzidi hapo.

Mjadala wa lumbesa nchini umekuwa ukihusu haki ya mkulima anayepunjwa, na ndiyo maana Wakala wa Vipimo huwaonya wafanyabiashara kila msimu wa mavuno. Ni nadra kutajwa mgongo wa mtu anayelishusha gunia hilo kutoka garini. Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo Na. 128 la mwaka 1967, lilitaka mzigo unaobebwa na mwanamume mmoja mtu mzima usizidi kilo 55. Wataalamu wa usalama kazini wa Marekani walikwenda mbali zaidi: kanuni yao ya mwaka 1991 inaanzia kilo 23, na hizo ni kwa mzigo ulio karibu na mwili, wenye mahali pazuri pa kushika, unaoinuliwa bila kujipinda. Umbali baina ya kilo 23 na lumbesa ndio umbali ambao migongo na magoti ya Kariakoo hulazimika kuujaza.

Wanaoumia si wachukuzi peke yao. Wamo mama lishe wanaoinama juu ya jiko la mkaa tangu alfajiri, mafundi cherehani wanaokaa saa kumi mfululizo, wenye maduka wasioketi kutwa nzima, na bibi wa miaka sitini anayeishi ghorofa ya nne katika jengo lisilo na lifti. Baadhi yao hufika Hospitali ya Mnazi Mmoja. Wengi, kabla ya kufika huko, hupita kwanza duka la dawa lililo kona ya mtaa, na mara nyingine hawapiti pengine popote kwa miaka mingi. Makala haya yanaeleza kinachotokea ndani ya goti na mgongo unaouma kwa muda mrefu, na kwa nini tiba yake inategemea misuli na mpangilio wa kazi kuliko kidonge au picha.

Goti na habari ya ute

Ugonjwa unaoitwa osteoathraitisi hujulikana mitaani kwa majina kadhaa: kusagika kwa magoti, mifupa kulika, au baridi yabisi, jina ambalo hutupiwa karibu kila maumivu ya viungo. Mgonjwa mara nyingi huja na maelezo yaliyokamilika: ute wa goti umekwisha. Maelezo hayo yana chembe ya ukweli, lakini yanampeleka mgonjwa njia isiyo sahihi.

Ncha za mifupa zinazokutana katika goti zimevikwa gegedu, tabaka laini na imara lisilo na mishipa ya damu wala ya fahamu. Gegedu hupata lishe yake kutoka kwenye ute uliomo ndani ya kiungo, na ute huo huingia na kutoka gegedu linapobanwa na kuachiliwa, yaani goti linapotumika. Katika osteoathraitisi gegedu huchakaa, mfupa ulio chini yake hunenepa na kuota vijipembe, utando wa ndani huvimba, na misuli ya paja husinyaa kwa sababu mtu anauogopa mguu wake. Maumivu hutoka kwenye mfupa, utando, kano na misuli, kwa kuwa gegedu lenyewe halihisi kitu. Ute haukauki. Goti lililovimba huwa na ute mwingi kupita kiasi.

Kwa sababu hiyo bamia, inayosifiwa sana kwa kurudisha ute, ni mboga nzuri na haina haja ya kukatazwa, ila utelezi wake huishia tumboni katika usagaji wa chakula wala haufiki gotini. Supu ya kongoro ni vivyo hivyo, na kwa mtu mwenye uzito mkubwa mafuta yake yaweza kumwongezea tatizo. Mtoa huduma anayemcheka mgonjwa kwa imani hii hupoteza nafasi. Ni afadhali amweleze kwamba ute upo, na kwamba kinachoufikisha kwenye gegedu ni mwendo.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 528 duniani walikuwa na osteoathraitisi, na asilimia 60 kati yao wanawake. Goti ndilo kiungo kinachoathirika zaidi. Umri, uzito, majeraha ya zamani ya mpira wa miguu au ajali, urithi, na kazi za kupiga magoti na kubeba huongeza uwezekano wa kuupata.

Utambuzi wake hauhitaji vipimo vikubwa. Mtu aliyefikisha miaka 45, ambaye kiungo chake huuma anapokitumia, na ambaye ukakamavu wa asubuhi haupo au haumalizi nusu saa, anaweza kuhesabiwa kuwa na ugonjwa huu bila picha ya eksirei. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2022 unasema hivyo waziwazi. Yanayopaswa kumfanya mtoa huduma afikiri upya ni ukakamavu wa asubuhi unaodumu saa nzima au zaidi pamoja na uvimbe wa vidole vya mikono yote miwili, jambo linaloashiria ugonjwa ambamo kinga ya mwili hushambulia viungo. Au kiungo kimoja kinachowaka ghafla usiku, hasa kidole gumba cha mguu, kama ilivyo kwa jongo. Au goti jekundu, la moto, lenye homa. Hili la mwisho ni maambukizi mpaka ithibitishwe vinginevyo, na halingoji kesho.

Mgongo na picha yake

Maumivu ya kiuno ndicho chanzo kikubwa kuliko vyote cha watu duniani kuishi na ulemavu. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu milioni 619 walikuwa nayo mwaka 2020. Kwa walio wengi hakuna kitu kimoja ndani ya uti wa mgongo kinachoweza kunyooshewa kidole kuwa ndicho kinachouma. Misuli, kano, viungo vidogo vya pingili na diski huchangia kwa pamoja, na usingizi mbaya, hofu na dhiki ya kipato huyakuza maumivu. Kusema hivyo si kumwambia mgonjwa kwamba anajisingizia. Mishipa ya fahamu iliyokaa kwenye tahadhari kwa miezi hutoa maumivu ya kweli hata baada ya jeraha la mwanzo kupona.

Hapa picha imeleta madhara yake. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za watu ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Dalili za kuchakaa kwa diski zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Diski iliyochakaa, basi, ni kama mvi: yaweza kuwapo bila kuuma. Mtu aliyeuza bidhaa zake ili alipie kipimo cha MRI, akapewa karatasi iliyoandikwa kwamba pingili zimesagika, hutoka akiwa ameshawishika kwamba mgongo wake umekwisha. Huacha kutembea, huacha kuinama, misuli hudhoofika, na maumivu huzidi. Kipimo kilikusudiwa kumsaidia, na bado hakijabadilisha tiba yake hata chembe.

Picha ina mahali pake pale panapokuwa na shaka ya ugonjwa mwingine, na katika mazingira ya Tanzania shaka hiyo ina sura zake. Kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho daktari Mwingereza Percivall Pott alikieleza mwaka 1779, bado kipo. Huanza polepole, kwa maumivu ya mahali pamoja yasiyotulia hata usiku, kisha homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito, na hatimaye kibiongo au miguu kupooza. Kikohozi chaweza kisiwepo kabisa. Mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI na ana maumivu mapya ya mgongo anastahili kuchunguzwa mapema. Anayetumia maziwa mabichi au kufanya kazi machinjioni aulizwe kuhusu homa zinazokuja na kuondoka, kwa kuwa bruselosi hupenda uti wa mgongo. Mwenye selimundu anayechechemea na kuumwa nyonga akiwa bado kijana hana osteoathraitisi ya uzee. Huenda kichwa cha mfupa wa paja kimekosa damu. Saratani ya tezi dume na ya matiti hupeleka mbegu zake kwenye pingili.

Na kuna dalili zinazomtaka mgonjwa awe hospitalini siku hiyo hiyo: kushindwa kukojoa au kutokwa haja bila kujijua, ganzi katika sehemu za mwili zinazogusa tandiko la baiskeli, au miguu inayoendelea kulegea. Kila anayeondoka kliniki na maumivu ya mgongo anapaswa kuwa ameelezwa dalili hizi kwa maneno ya kawaida. Aibu isiwe kizuizi cha kuzitaja.

Kidonge cha asubuhi

Hatari kubwa kwa mtu mwenye maumivu sugu katika eneo la soko mara nyingi hutoka kwenye dawa inayomwezesha kuubeba mzigo uleule kesho. Diklofenaki ni ya bei ndogo, hupatikana kila mahali, na inafanya kazi. Mchukuzi humeza kidonge kabla ya kazi na kingine jioni, na kwa kuwa ameweza kufanya kazi, huona hana sababu ya kwenda kokote. Tatizo haliko katika kidonge kimoja, liko katika miaka mitano ya vidonge hivyo.

Dawa za jamii hii, pamoja na ibuprofeni na piroksikamu, hutuliza maumivu kwa kuzuia kemikali ziitwazo prostaglandini. Kemikali hizo ndizo pia zinazolinda ukuta wa tumbo dhidi ya tindikali, na ndizo zinazoweka wazi njia ya damu kwenda kwenye figo mwili unapopungukiwa na maji. Zikizuiwa, tumbo hupata vidonda vinavyoweza kutoka damu bila maumivu ya kutangulia, na figo hubaki bila kinga. Sasa amfikirie msomaji mtu anayesukuma mkokoteni kwenye jua la Dar es Salaam, jasho limemtoka tangu asubuhi, amekunywa chupa moja ya maji, naye amemeza diklofenaki. Figo zake zinapigwa pande mbili. Figo haziumi zinapoharibika, na mtu huweza kupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake kabla ya kuvimba miguu au kupimwa damu.

Hatari huongezeka maradufu kwa mwenye shinikizo la damu. Diklofenaki na wenzake hupandisha shinikizo na kudhoofisha dawa zinazolishusha. Mgonjwa anayetumia kaptopirili au losatani pamoja na dawa ya kukojosha, kisha akaongeza diklofenaki, ameweka pamoja dawa tatu ambazo kila moja hubana figo kwa njia yake. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zenye tenofoviri ana sababu nyingine ya kuchunga figo. Kwa moyo, mamlaka ya dawa ya Ulaya ilionya mwaka 2013 kwamba diklofenaki haifai kwa wenye kushindwa kwa moyo au waliowahi kupata kiharusi au shambulio la moyo. Mjamzito katika nusu ya pili ya ujauzito asiitumie ila kwa amri ya daktari.

Maswali ya muuza dawa, kwa hiyo, hayapaswi kuishia kwenye idadi ya vidonge. Presha, kisukari, figo, vidonda vya tumbo, ujauzito, dawa nyingine: maswali hayo huchukua dakika moja, na hiyo ndiyo huduma halisi inayonunuliwa pale dukani.

Hii haimaanishi kwamba mgonjwa aachwe aumie. Kwa goti, dawa ya kuanzia ni jeli ya diklofenaki inayopakwa, kwa kuwa kiasi kidogo tu huingia kwenye damu. Kidonge kikihitajika, kiwe cha dozi ndogo inayotosha, kwa siku chache, pamoja na dawa ya kulinda tumbo kwa mwenye umri mkubwa. Wapo wanaoamini kwamba sindano huepusha vidonda vya tumbo. Si kweli: dawa hufika tumboni kwa njia ya damu hata ikichomwa kwenye paja. Parasetamoli ni salama zaidi kwa figo na tumbo, ila msaada wake kwa maumivu haya ni mdogo. Katika utafiti mkubwa uliofanyika Sydney na kuchapishwa mwaka 2014, haikuwaharakishia wagonjwa wa mgongo kupona kuliko kidonge kisicho na dawa. Anayeitumia asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku. Tramadoli na jamii yake, Shirika la Afya Duniani linashauri zisitumike kwa maumivu sugu ya kiuno. Vidonge vya glukosamini ni ghali, na ushahidi haujavitetea.

Lililo baya kuliko yote ni tembe zisizo na jina, zinazotolewa zikiwa zimechanganywa kwenye kifuko, au unga wa mitishamba unaoondoa maumivu ya miaka kumi kwa usiku mmoja. Nafuu ya namna hiyo ni dalili ya kushukiwa kuwamo deksamethasoni au prednisoloni. Zikitumika kwa muda mrefu bila uangalizi, uso hujaa, sukari na presha hupanda, mifupa hudhoofika mpaka pingili zikavunjika zenyewe. Aliyezitumia kwa miezi asiziache ghafla, kwa maana mwili unakuwa umesahau kutengeneza homoni yake. Aende kituoni na mabaki ya dawa mkononi, naye asikaripiwe.

Mazoezi, na siku ya tatu

Mwongozo wa kwanza wa Shirika la Afya Duniani kuhusu maumivu sugu ya kiuno ulitolewa Desemba 2023. Umetanguliza elimu kwa mgonjwa na mazoezi yaliyopangwa, na umeshauri dhidi ya mikanda ya mgongo, ambayo machinga huiuza kama dawa, pamoja na tiba ya kuvuta uti wa mgongo. Kwa goti, miongozo yote mikubwa inaanza na mazoezi na kupunguza uzito. Kulala kitandani zaidi ya siku moja au mbili hudhoofisha.

Mgonjwa haelewi kwa urahisi namna goti linaloumia kwa kutumika litakavyopona kwa kutumika. Jibu liko kwenye misuli. Misuli ya paja iliyo imara hupokea kishindo cha kila hatua kabla hakijafika kwenye kiungo. Ikisinyaa, mfupa hupokea peke yake.

Zoezi la kwanza halihitaji kifaa. Kiti imara kiegemezwe ukutani, mtu aketi, akunje mikono kifuani, asimame polepole na kuketi polepole, mara 8 hadi 10, kisha apumzike na kurudia mara mbili. Asiyeweza aanze kwa kusaidiwa na mikono au kuweka mto kwenye kiti. La pili ni kunyoosha goti akiwa ameketi, kulishikilia kwa sekunde tano na kulishusha, mara kumi kila mguu. La tatu linahudumia mgongo na nyonga: alale chali, akunje magoti, nyayo zikanyage sakafu, ainue makalio mpaka mwili uwe mstari toka mabega hadi magoti, ashushe. Haya yafanyike siku tatu au nne kwa wiki. Juu yake aongeze kutembea, akianza na dakika kumi mahali tambarare, asubuhi kabla magari ya mizigo hayajajaa mitaani, na kusogea polepole kuelekea dakika 30.

Siku ya tatu ndipo wengi wanapoacha. Misuli iliyolala huuma inapoamshwa, na mtu huamini kwamba amejiumiza. Mtoa huduma amwonye kabla. Kanuni ni kwamba maumivu ya wastani wakati wa zoezi yanavumilika endapo kufikia asubuhi ya pili yamerudi yalipokuwa. Yakibaki juu au goti likivimba, apunguze nusu, asiache. Nafuu ya maana huonekana baada ya wiki sita hadi kumi na mbili. Anayeahidiwa nafuu ya wiki moja atakuwa amerudi kwenye kidonge wiki ya pili. Karatasi ya michoro anayopewa mgonjwa mlangoni haifanyi kazi hii. Kinachofanya kazi ni kuonyeshwa na mtaalamu wa fiziotherapia, kufanya mbele yake, na kurudi baada ya majuma mawili.

Uzito una hesabu yake. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini hulipunguzia goti kilo nne za mzigo katika kila hatua. Mwanamke aliyepunguza kilo tano ameliondolea goti lake kilo ishirini, mara maelfu kwa siku. Sahani ya chakula cha mchana yenye wali nusu na mboga zaidi, na chai isiyo na vijiko vitatu vya sukari, ni mahali pa kuanzia pasipohitaji gharama.

Mzigo wenyewe

Ushauri uliozoeleka ni kumfundisha mtu kuinua mzigo kwa magoti. Tafiti zilizokusanywa pamoja zimeonyesha kwamba mafunzo ya namna ya kuinua, peke yake, hayazuii maumivu ya mgongo. Kinachosaidia ni uzito wenyewe kupungua na vifaa kupatikana. Kuuweka mzigo karibu na mwili kuna maana, na kugeuza miguu badala ya kuukunja mgongo kuna maana, lakini hakuna ufundi wa kubeba lumbesa. Toroli, guta na mkokoteni wenye magurudumu yaliyojazwa upepo ni vifaa vya afya. Mzigo wa juu ya gari ubebwe na wawili. Daktari anayemwandikia mchukuzi mapumziko ya wiki mbili amwandikie mtu anayelipwa kwa gunia, hatapumzika. Ni busara zaidi kumwuliza kazi gani anaweza kubadilishana na mwenzake kwa mwezi mmoja: kusukuma badala ya kubeba, kupanga badala ya kushusha.

Mama lishe anaweza kuinua jiko juu ya matofali au meza ya chuma likafika kiunoni, na kukuna nazi kwa mbuzi iliyofungwa juu ya benchi badala ya kuikalia chini. Fundi cherehani asimame kila baada ya nusu saa, hata kwa dakika mbili. Muuzaji anayesimama aweke kigoda cha kuegeshea mguu mmoja, akibadilisha.

Nyumbani, mwenye goti bovu apande ngazi kwa kutanguliza mguu mzima na kushuka kwa kutanguliza mguu mbovu. Bakora ishikwe kwa mkono ulio upande wa pili wa goti linalouma. Wengi huishika upande uleule, nayo haiwasaidii. Kiti cha plastiki chenye tundu juu ya choo cha kuchuchumaa humwokoa mtu kila siku. Katika mtaa wenye waumini wengi wa Kiislamu, mtoa huduma aulize pia habari ya swala. Wapo wazee wanaovumilia rukuu na sujudu kwa machozi kwa kudhani kwamba kuswali juu ya kiti ni uvivu, ilhali dini yao inamruhusu mgonjwa kuswali ameketi. Neno la imamu katika jambo hili hufika mbali kuliko la tabibu.

Wakati wa kupelekwa mbele

Sindano ya steroidi ndani ya goti, ikichomwa na mtaalamu, hutuliza kwa wiki chache na husaidia mtu aliyezidiwa aanze mazoezi. Si ya kurudiwa kila mwezi. Kusafisha goti kwa kamera kwa ajili ya osteoathraitisi kulipimwa huko Houston kwa wagonjwa 180, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, na hakukuwashinda waliokatwa ngozi tu bila kufanyiwa kitu ndani.

Kubadilisha kiungo ni jambo jingine. Mtu ambaye amefanya mazoezi kwa miezi, amepunguza uzito alioweza, na bado anaamka usiku kwa maumivu au hawezi kufika msikitini, kanisani au sokoni, anastahili rufaa, na umri mkubwa peke yake si sababu ya kumnyima. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1996, hufanya upasuaji wa goti na nyonga bandia, na iko karibu na Kariakoo. Barua ya rufaa ieleze mgonjwa ameshindwa kufanya nini, dawa zote anazotumia zikiwamo za dukani, kipimo cha figo na sukari, na mazoezi aliyokwisha kufanya. Anayesubiri zamu yake aendelee kuketi na kusimama kwenye kiti kila siku, kwa kuwa misuli ya paja anayoijenga sasa ndiyo itakayombeba asubuhi ile muuguzi atakapomwambia ashuke kitandani na akanyage.